Wimbo Chini ya Gata Isiyovuja

Mwezi wa tatu, tarehe 4

Mwalimu wa darasa letu la watu wazima amesema kila mtu aandike siku zake mpaka mvua ziishe, mistari miwili mitatu, mkono uzoee. Wenzangu wameguna. Mimi sikuguna. Mkono uliokata bati tangu ujana utashindwaje na kalamu, kitu ambacho hakina hata makali?

Mimi ni fundi bati. Gata zote za mtaa huu, hiyo mifereji ya bati inayozunguka mapaa na kubeba maji ya mvua, nimezikunja mimi na kuzilehemu mimi. Ndoo, karai, kopo la kumwagilia, hata gitaa langu nimelitengeneza mwenyewe, tumbo lake lilikuwa debe la mafuta ya kupikia. Na hajazaliwa mtu wa kuniletea kazi yangu akasema inavuja. Sijisifu, natoa habari tu.

Wingu limejaa. Kesho itanyesha.

Tarehe 5

Imenyesha. Nilisema.

Tarehe 7

Leo nitaandika zaidi ya mistari mitatu, mwalimu anisamehe.

Nyumba inayotazamana na karakana yangu, ghorofani, anakaa mshonaji. Jina lake analo lakini mtaa mzima tunamwita Bi Cherehani. Mjane, kama mimi nilivyo mgane. Mwaka jana alinishonea aproni ya turubai. Sikumwambia chochote zaidi ya urefu. Aliponiletea nikaivaa, nikapeleka mkono kuchukua mkasi, mkono ukakuta mfuko uko palepale mkono unapopenda kwenda. Wala si kulia, wala si kati. Nilikuwa sijui mwenyewe kwamba mkono wangu unapenda kwenda pale. Yeye alijua. Tangu siku hiyo nimekuwa na jambo moyoni, na sikumwambia mtu kwa sababu mimi si mropokaji.

Sasa mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayeniangalia hapa nyumbani, ametoka kwa mshonaji huyo leo ameshika kiuno.

"Kaka, Bi Cherehani anahama. Mvua zikiisha anakwenda kwa binti yake, mbali, moja kwa moja."

"Anafuata nini?"

"Anasema hapa hana mtu wa kumuuliza umeamkaje."

"Mimi si namsalimia kila siku?"

"Wewe unanyanyua nyundo, kaka. Hiyo si salamu, hiyo ni vita."

Nikatoka nje kutazama mvua. Kwa mara ya kwanza maishani nimeiomba isikatike.

Tarehe 8

Nimeamua. Nitamwimbia dirishani.

Mdogo wangu amecheka mpaka amekaa chini. "Umri huu? Si ugonge mlango useme neno lako kama watu?"

Nimemweleza, na hapa naandika ili na wengine wajifunze, maana watu wa siku hizi wanadhani kuimba chini ya dirisha ni kelele za walevi. Marehemu baba yetu, naye fundi bati, alimwimbia mama hivyohivyo. Alinifundisha akiwa ameshika nyundo. Alisema: mlango ukiugonga, aliye ndani analazimika kuja, ataje neno, akutazame machoni, ndiyo au hapana. Umemkamata. Dirishani hujamkamata. Umesimama nje na vumbi lako, yeye yuko juu na uhuru wake. Akitaka anasikiliza, asipotaka anaosha vyombo. Ndiyo heshima yenyewe. Hutaji jina lake. Huulizi jibu. Akifungua dirisha, umekubaliwa kusogea hatua moja ya maisha. Akikumwagia maji, umekataliwa, unageuka unaondoka, huangalii nyuma, na hurudi.

"Na mama alifungua siku ya kwanza?" mdogo wangu akauliza.

"Alifungua jioni ya nne. Akamwambia baba, ubeti wa pili umeusahau."

Amefuta machozi ya kicheko. Kisha akasema, "Basi kafue shati."

Tarehe 9

Mvua kutwa. Bati likipigwa na mvua hakuna sauti inayopita, hata yangu.

Tarehe 10

Mvua. Nimekaza nyuzi.

Tarehe 12

Jioni imekatika mvua kabla ya giza. Nimevaa shati, nikachukua gitaa, nikavuka.

Dirisha lake ni la mbao, la kufungukia nje. Nimesimama chini yake kabisa, kwenye kona gata inapokata. Watu wengine wangeogopa matone ya paa. Mimi nilijua hapo ndipo pakavu kuliko pote, maana gata ni yangu. Nikaimba ubeti nilioutunga mwenyewe:

Dirisha lenye pazia, ua lake nalijua,
Chini hapa nangojea, siogopi jua, mvua,
Sikwambii shuka chini, wala lango kufungua,
Sikiliza hapo juu, sauti hii tambua.

Sauti yangu bado ni kengele. Bahati nyingine, cherehani yake ilikuwa ikinguruma nilipofika, lakini nilipoanza tu ikanyamaza, kwa hiyo haikuniharibia. Dirisha halikufunguka. Sawa. Hata mama alichukua jioni nne.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko chini ya nyumba hiyohiyo, alitoa kichwa mlangoni. "Mzee wangu, nani kamkanyaga paka?"

Nikamwambia paka angeimba hivi panya wangehama mji. Mteja wake akacheka, kinyozi karibu amkate sikio.

Tarehe 13

Mvua.

Tarehe 14

Mvua. Mwalimu amesema maandishi yangu yanakwenda kama ngazi. Nimemwambia ngazi ndiyo inayompandisha mtu.

Tarehe 16

Nimeimba. Dirisha kimya. Cherehani ilikuwa imenyamaza tena. Nina bahati na hiyo mashine.

Tarehe 21

Nimeimba, nyimbo tatu. Kinyozi sasa anazima redio yake mwenyewe nikija. Anasema ni kwa ajili ya masikio ya wateja, lakini nimemwona akigonga mguu.

Tarehe 25

Mvua siku nne mfululizo. Mdogo wangu anasema Bi Cherehani ameanza kukunja vitambaa na kuvifunga mafurushi. Sijala vizuri. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Tarehe 29

Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono ulikuwa hautaki. Sasa nitaandika yote.

Juzi mvua ilipiga kutwa, jioni ikakatika ghafla, mbingu nyeupe, hakuna tone. Nikavuka. Nikasimama mahali pangu. Cherehani ikanyamaza. Nilikuwa na sauti siku hiyo, nasema kweli, hata mimi nilijishangaa. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi bila kunyoa mtu. Nikaimba wimbo wa kwanza, nikaingia wa pili, nikafika kwenye ubeti ule wa pazia, pale panaposema sikwambii shuka chini. Nikafumba macho.

Maji.

Si tone, si matone. Ndoo nzima, ya baridi, juu ya kichwa changu, ikaingia kwenye kola ikatokea kwenye viatu. Gitaa likajaa likalia kama bata.

Mbingu ilikuwa kavu! Hakuna mvua! Maji yalitoka juu ya dirisha lile, mahali palepale.

Nikakumbuka baba. Niligeuka, nikaondoka, sikuangalia nyuma. Nyuma yangu watu walipiga kelele, nikaitambua sauti ya kinyozi tu, "Mzee! Mzee wangu, subiri!" Sikusubiri. Nilivuka barabara kama mwanajeshi, na viatu vikisema chwa, chwa, chwa.

Mdogo wangu alinipa taulo, akasikiliza. Kisha akasema neno ambalo sikutegemea kulisikia ndani ya nyumba hii.

"Kaka, labda ni gata."

"Gata?"

"Labda inavuja."

"Gata yangu mimi?"

"Gata ni bati, kaka, si msahafu."

Nimemwambia mwanamke amenikataa, hilo nalikubali, mimi ni mwanamume. Lakini asinitukane kazi. Akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia sisemi naye tena mpaka aombe radhi.

Mwezi wa nne, tarehe 1

Sisemi naye. Nimemwomba chumvi kwa ishara.

Tarehe 3

Naye hasemi na mimi. Amenipa sukari.

Tarehe 6

Mvua. Cherehani ya ng'ambo inasikika kutwa, haikatiki hata jioni. Zamani sikuisikia jioni. Inachosha.

Tarehe 8

Bi Cherehani amekuja karakana leo. Nimemwona anavuka na mwavuli, na kwa kuwa sikuwa na la kusema nililala juu ya benchi kati ya vipande vya bati nikajifanya nimelala. Nikakoroma.

Akasimama. Nilisikia mwavuli ukichuruzika sakafuni.

Akamwambia mdogo wangu, "Mgonjwa?"

"Ana ugonjwa wa kichwa," mdogo wangu akasema. "Kigumu."

"Mwambie nina neno naye. La faragha, sitaki watu wasikie."

Akakaa kidogo tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shati lake limefumuka begani. Angeniletea."

Akaondoka. Nilikoroma mpaka alipofika ng'ambo.

Nalijua neno la faragha. Ni hapana, iliyotiwa sukari. Mwenye adabu akishakumwagia maji hukutafuta akakuambia usinielewe vibaya, wewe ni kama kaka yangu. Sitaki kuwa kaka yake. Nina mdogo wa kike tayari, na mmoja ananitosha.

Tarehe 15

Mvua zinapungua. Nimetengeneza karai nne. Hazivuji.

Tarehe 22

Jua nusu ya siku. Mwalimu amesema mbona siku hizi naandika mistari mifupi. Nimemwambia ndivyo alivyotuambia mwanzoni.

Tarehe 24

Amegawa maua yake ya kwenye makopo. Mdogo wangu amepewa mawili. Makopo nilitengeneza mimi. Gari la kumchukua linakuja Jumamosi. Leo ni Jumatano.

Tarehe 25

Alhamisi. Nimekaa muda mrefu mbele ya karatasi hii.

Mchana mvua kubwa ilipiga, pengine ya mwisho. Bi Cherehani alikuwa hapa kwetu, jikoni na mdogo wangu, wanaagana, na mimi nilikuwa karakana nikijifanya nina kazi. Mvua ilipokatika, kinyozi akaingia kwangu. Ameloa kutoka kichwani mpaka miguuni, nywele zimemlala kama kuku wa kunyonyolewa.

"Mzee wangu," akasema, "mimi yule mama nimemkosea nini?"

"Mama yupi?"

"Si Bi Cherehani! Nimetoka kibandani mvua imeshakatika, nikasimama pale kwenye kona yako nijinyooshe, nikamwagiwa ndoo nzima! Na mimi hata sikuimba!"

Nikamtazama. Nikatazama mlango wa jikoni. Sauti ya Bi Cherehani ilikuwa inatoka humo humo, anacheka jambo na mdogo wangu.

Hakuwepo kwake. Hapakuwa na mtu ghorofani. Maji yamemwagika yenyewe.

Kinyozi akaendelea kulalamika, mimi sikumsikia tena. Maana sasa mambo yalikuwa mawili, na moja lazima liwe kweli. Ama mwanamke hanitaki, ama gata yangu inavuja. Mtu mwenye akili angekimbilia la pili huku akicheka. Mimi nimekaa tangu alasiri nayapima. Mwezi mzima nimebeba la kwanza bila kulia. Hili la pili ndilo linaloniuma.

Mdogo wangu amepita nyuma yangu akaweka chai. Neno lake la kwanza tangu mwezi uliopita:

"Mficha uchi hazai, kaka."

Nimesema, "Lete ngazi."

Tarehe 26

Ijumaa. Nimepanda asubuhi na mapema, mtaa haujaamka.

Nitaandika nilichokiona, kama kilivyo. Kiungo cha kona kimefumuka, urefu wa kidole. Risasi ya kulehemia haikushika. Nilikilehemu siku ya upepo, jiko la mkaa lilikuwa halijakolea, na nilijua. Nilijiambia itashika tu kwa sababu ni mimi.

Lakini si hilo lililonikalisha juu ya ngazi. Chini ya kiungo palikuwa na mfuko. Mfuko wa turubai, umetundikwa kukinga maji ya ufa, ili yasimwagike ukutani watu wakaona. Turubai ya aproni yangu, rangi ileile. Umeshonwa mishono midogo mizito, ukingo umepakwa nta. Mtu alikaa akaushona kwa saa nyingi ili mtaa usijue kwamba fundi bati amekosea.

Na kamba ya mfuko ilikuwa imefungwa kwenye ubao wa dirisha lake. Nikauvuta ubao kidogo sana, kwa kidole. Mfuko ukainama; jana ukiwa umejaa, upepo tu ulitosha kummwagia kinyozi.

Nikashuka taratibu. Kumbe ndiyo maana jioni zote zile hakufungua. Angefungua, angenimwagia. Na ile jioni maji yaliyonipata...

Sikutaka kumaliza kuwaza. Niliuacha mfuko kama ulivyo, ni kazi ya mtu, sina ruhusa kuugusa. Nimerudi nyumbani nimeshika kalamu. Natunga.

Jioni, bado Ijumaa

Mvua ilinyesha tena adhuhuri, ile niliyodhani imekwisha. Mfuko ukajaa. Niliuona ukining'inia kwa uzito.

Nilivaa shati lililofumuka begani. Nikavuka. Mdogo wangu alinifuata na makopo yake ya maua, sijui kwa nini. Kinyozi akatoka na wateja wawili, mmoja ana povu nusu ya uso. Wenye nyumba za jirani wakatoka. Ghorofani cherehani ilikuwa inanguruma, anamalizia kushona kabla ya safari.

Nikapiga uzi wa kwanza. Cherehani ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa bahati. Mimi ni mzee mjinga, na nimelisema hilo hapa tu. Msimu mzima alikuwa akininyamazia mashine, jioni kwa jioni, nami nikaishukuru mashine.

Nikaimba, kwa sauti yote, mtaa wote usikie:

Nilisema gata yangu, haivuji hata tone,
Leo nakiri hadhara, inavuja, mkaone,
Kuna mtu kaificha, kwa uzi msiione,
Kwako nimerudi tena, fungua nami nipone.

Kinyozi akasema, "Ee bwana wee." Mdogo wangu akaanza kulia na makopo mkononi.

Sauti ikatoka nyuma ya ubao wa dirisha. "Fundi."

"Naam."

"Sogea pembeni."

"Sisogei."

"Nikifungua nitakumwagia! Siku ile nilijisahau nikafungua, maji yakakupata, nilipotoa kichwa umeshavuka barabara, hugeuki! Nimekuita mpaka sauti imekauka!"

"Sheria inasema nisigeuke."

"Sheria ya nani?"

"Ya baba."

"Na mimi nilipokuja kwako ukakoroma, hiyo nayo ya baba?"

Mtaa ukacheka. Nilisubiri wamalize, walichukua muda.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba inavuja?" nikauliza.

"Ningekuambia ungekataa, kisha usingeninyanyulia tena hata hiyo nyundo. Sogea, fundi, maji ni baridi."

"Mwaga."

"Wewe mzee una kichwa cha—"

"Mwaga, mama. Nasubiri."

Nikasikia komeo likivutwa. Kisha ubao ukasukumwa, ukafunguka wote, mpaka ukutani.

Yalikuwa baridi kweli. Yakaingia kolani, yakatokea viatuni, gitaa likalia kama bata. Nikafuta macho, nikatazama juu. Alikuwa ameegemea dirishani, sindano bado imechomekwa kifuani, mkono mdomoni, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nikaanza ubeti wa pili. Aliniacha nifike katikati, akasema, "Hapo umekosea."

Tarehe 27

Gari limekuja. Dereva amekuta mimi nimepanda ngazi, jiko la mkaa limekolea vizuri, na Bi Cherehani amekaa chini ameishika ngazi kwa mikono miwili. Amempa dereva furushi la nguo za wajukuu. Amemwambia, "Mwambie binti yangu siwezi kuondoka sasa. Nikiachia, mtu ataanguka."

Dereva akatuangalia, akaondoka na furushi peke yake.

Mwezi wa tano, tarehe 9

Jua. Mwalimu amesema mvua zimekwisha, tukitaka tuache kuandika. Nitaandika ya leo, basi.

Jana jioni nimeimba. Dirisha lilikuwa wazi tangu alasiri. Nimemwambia asiinyamazishe cherehani tena, anishikie mapigo. Inakwenda vizuri na debe. Kinyozi anasema sasa ni paka wawili.

Gata haivuji. Nimepanda kuangalia mara mbili.